Krismasi Niliyokula Peke Yangu Maretadu

Mliniacha Alhamisi iliyopita kwenye stendi ya Babati, nimekumbatia mfuko wa dona, namsubiri mume ambaye hakutokea. Kwa yule aliyefungiwa maandazi na gazeti lile kabla hajalisoma, nitasema kwa kifupi.

Mimi ni Genoveva, mwalimu wa darasa la tatu, miaka arobaini na mmoja. Septemba ya mwaka ule wa 2007 niligundulika nina sukari. Wakati huo jicho la kushoto lilikuwa limeshazibwa na mtoto wa jicho, na la kulia lilikuwa limeanza ukungu.

Daktari Kissa hakunizungusha. Alisema madaktari wa macho watakuja Babati tarehe tano Januari, siku moja tu. Sukari ikiwa chini ya kumi watanifanyia operesheni. Ikizidi hawanigusi, maana jicho la mwenye sukari ya juu likishakatwa linaweza kuoza lote. Wakiondoka, mpaka mwaka mwingine.

Mwaka mwingine! Tayari nilikuwa nasahihisha madaftari huku yananigusa pua. Mwalimu mkuu alishaanza kunionea huruma, na mwalimu mkuu akianza kukuonea huruma ujue barua iko njiani.

Basi nilijikaza. Miezi mitatu sikuonja soda, andazi wala wali wa kushiba. Kila asubuhi nilitembea dakika arobaini na tano mpaka jasho linitoke. Sukari ikashuka kutoka kumi na saba hadi nane nukta sita. Nguo zikaanza kuning'inia mwilini, nikafurahi kama bibi harusi.

Ndipo Krismasi ikaja.

Mume wangu Marko, dereva wa lori la vitunguu, alinipigia simu nikiwa pale stendi. Alisema nitangulie kwao Maretadu, yeye atanikuta huko. Binti yetu Sara nilimwacha kwa dada yangu.

"Ila usimwambie mama habari za vidonge," Marko alinionya. "Umekonda sana. Watasema umekanyaga miwaya."

Miwaya ndiyo jina tulilolipa UKIMWI siku zile. Nilikubali kunyamaza. Hilo ni kosa langu la kwanza, na ninaliandika hapa ili lisomwe.

*

Mama mkwe wangu, Mama Benedikta, alinipokea mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Mama Sara. He! Umekonda hivi? Huko Babati mnakula majani?"

"Tunakula mama, tunamshukuru Mungu."

"Mume wako?"

"Yuko njiani."

"Kaa unywe chai."

Chai ilikuwa ya maziwa matupu, na sukari imetiwa kwa mkono wa mtu anayekupenda. Niliisikia harufu yake tangu sijakaa. Mate yakanijaa mdomoni.

"Asante mama. Tumbo linanisumbua."

Huo ulikuwa uongo mdogo tu. Ningejua utazaa watoto wangapi, ningeimeza chai ile na kikombe chake.

Niliomba sufuria ndogo, nikapanga mafiga yangu matatu nyuma ya nyumba. Nikapika dona langu, maharage yasiyo na mafuta na mchicha wa kuchemsha. Nikala peke yangu, kwa kijiko changu, kwenye bakuli langu nililotoka nalo Babati.

Mama Benedikta alisimama mlangoni akanitazama mpaka nikamaliza. Nilidhani amechoka.

Asubuhi ya mkesha wa Krismasi nilivaa raba zangu nikatoka kutembea. Mjini ukitembea harakaharaka watu wanasema unafanya mazoezi. Maretadu mtu anayetembea mbio asubuhi ana mgonjwa, au ana ng'ombe aliyepotea.

"Mama Sara, unakwenda wapi?" aliniuliza Nikolausi, jirani wa pili kutoka kwetu.

"Natembea tu."

"Unatembea kwenda wapi?"

"Nafika kule kwenye mteremko, narudi."

"Kuna nini kule?"

"Hakuna kitu."

Kisha akanikaribisha ndani ninywe maziwa mgando. Nikakataa, nikaondoka na mwendo wangu. Kwa Yoakimu nako walinitolea soda, maana siku hizo kreti za soda zilishafika hata kwenye vijiduka vya huko juu. Nikakataa.

Siku ya pili yake nikaona ni heri nipite pembeni mwa mashamba, njia ambayo haina maswali. Nilijiona mjanja.

Krismasi yenyewe Tadeo, kaka yake Marko, alichinja kondoo. Tulirudi kanisani tukakuta mkia umeshayeyushwa, mafuta yanachuruzika kwenye nyama, na kata ya pombe inazunguka kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Ilipofika kwangu niliishika, nikampa aliyefuata bila kuigusisha mdomo.

Aliyefuata hakuinywa. Aliishika tu, akamwangalia Tadeo.

Nami, mjinga mimi, nikainuka nikaenda nyuma ya nyumba kwenye mchicha wangu. Nilijisifu moyoni: Genoveva, umeishinda Krismasi. Nilikaribia kujipigia makofi.

*

Tarehe ishirini na sita hakuna aliyekaa karibu nami.

Tarehe ishirini na saba nilikwenda kisimani na ndoo. Wanawake watatu walikuwepo. Waliniona, wakainua ndoo zao kabla hazijajaa, wakasimama mbali mpaka nilipoondoka. Njiani nikakutana na ng'ombe wa Yoakimu. Mchungaji wao, mtu mzima, aliwaswaga wote wakaingia kwenye mahindi ya mtu, ili tu wasipishane nami.

"Marko yuko wapi?" mama mkwe aliniuliza jioni ile.

"Yuko njiani, mama."

"Siku ya tano sasa unasema njiani."

"Simu yake haipatikani."

Ni kweli haikupatikana. Maretadu mtandao ulikuwa unashikwa ukipanda kwenye mwamba nyuma ya shule. Nilikuwa nimepanda mara tano. Mara zote yule dada wa kwenye simu aliniambia nijaribu tena baadaye.

Mama Benedikta aliniangalia usoni kwa muda mrefu. Halafu akajifunika kanga kichwani akaingia ndani, nikamsikia analia. Niliogopa kumfuata. Nilifikiri labda anamkumbuka marehemu baba mkwe.

Asubuhi iliyofuata niliitwa uwanjani. Alikuwepo Tadeo, alikuwepo mama mkwe, na kwenye kigoda aliketi mzee Qamara, ambaye watu wote humwita Aako, yaani babu. Ua wake uko kwenye ile njia yangu ya pembeni.

"Shemeji," alianza Tadeo, "tunakuuliza vizuri, hatutaki ugomvi. Ndugu yetu alikufa lini?"

"Nani?"

"Marko."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka mbele ya mama mzazi.

"Nani kawaambia Marko amekufa?"

"Wewe," alisema Aako Qamara.

"Mimi? Lini, Aako?"

"Kila siku. Unapita kwenye ua wangu kila asubuhi, kwenda na kurudi. Hukuniamkia. Nakohoa, hugeuki. Mara ya kwanza nikakasirika. Baadaye nikasema hapana, huyu mwalimu ana adabu, anatukinga. Mwenye metimani haamkii watu."

Metimani ni mwiko wa wazee wa Kiiraqw. Mwanamke akifiwa na mume, au mimba ikimharibikia, anabeba uchafu wa kifo. Anakula peke yake. Chombo chake ni chake. Ana njia yake, hasogelei kisima wala zizi la mtu, mpaka siku zake ziishe. Akichangamana na wenzake atawaletea kifo, wao na mifugo yao.

Baba yangu alikuwa katekista kule Gitting. Kwetu jina hilo halikutajwa, alisema ni mambo yaliyokwisha. Kwa hiyo nililijua kwa kulisikia tu, kama mtu anavyojua jina la mji ambao hajafika.

Sasa nitazameni. Sufuria yangu, bakuli langu, njia yangu ya pembeni. Kata nimeipitisha. Mzee sikumwamkia, na sikumwamkia kwa sababu sikumwona! Kwa jicho langu la kulia, Aako Qamara na nguzo za ua wake ni kitu kimoja. Na mume wangu hayupo, simu yake haipatikani.

Hata ningefundishwa, nisingeigiza ujane vizuri zaidi ya pale.

"Mwanangu amekufa na unatuficha," alisema Mama Benedikta. Sauti yake ilikuwa imekwisha. "Umeogopa kufungiwa ndani. Umekuja kula sikukuu na kifo cha mwanangu mgongoni."

"Mama, Marko ni mzima! Mimi ndiye mgonjwa. Ninaumwa sukari."

Tadeo alimtazama mama yake.

"Ninaumwa sukari, mama. Nimekatazwa chai ya sukari, nimekatazwa mafuta, nimekatazwa pombe. Nimeambiwa nitembee. Basi! Ndiyo sababu yote."

"Sukari ni ugonjwa wa wanene," alisema mama mkwe. "Padri wetu wa zamani alikuwa nayo, alikuwa anaingia mlangoni ubavuubavu. Wewe umebaki mifupa."

"Nimekonda kwa sababu ninajitunza!"

"Mtu anajitunza anakonda?"

Nilikimbia ndani nikaleta chupa ya vidonge. Nilidhani ushahidi utanikomboa. Tadeo aliigeuzageuza mkononi, akaitikisa, akampa mama yake badala ya kunirudishia mimi.

"Hivi vidonge," alisema polepole, "kuna watu hospitali ya Haydom nimewaona wanavyo."

Hakuhitaji kumalizia. Dakika tano zilizopita nilikuwa mjane. Sasa nilikuwa mjane wa miwaya.

*

Aako Qamara ndiye aliyetoa uamuzi, na aliutoa kwa upole, hilo siwezi kumnyima.

"Kuna nyumba ya zamani pale chini. Utakaa humo, chakula utaletewa. Huvuki mto, hupiti njia ya watu, mpaka tumwone Marko, ama tujue alikozikwa."

"Aako, lazima niwe Babati tarehe tano! Nina operesheni ya jicho!"

"Basi kula na sisi."

"Nini?"

"Mwenye metimani hawezi kula na watu. Anajua atawaua. Ukila na sisi, tukatazamana, tutajua huna kitu. Utapanda basi utakalo."

Ndugu msomaji, simama hapa kidogo uone mahali nilipokuwa. Nisipokula, sukari yangu inabaki nzuri lakini nafungiwa Maretadu, tarehe tano inanipita. Nikila, naachiwa niende, lakini naenda na sukari ambayo hakuna daktari atakayeigusa. Njia zote mbili zinaishia kwenye giza.

Nilijaribu ujanja wa mwisho.

"Sawa, tule. Mama apike ugali na maharage, tule sahani moja."

Aako alitikisa kichwa. "Hukukataa ugali, mwalimu. Ulikataa nyama na kata. Unakula ulichokikataa."

Nilimwangalia mama mkwe. Alikuwa amekaa chini, mikono ameifumba, ananitazama kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu. Niliona jambo moja waziwazi, kwa jicho langu hilohilo bovu. Mama yule alikuwa anatamani nile kuliko mtu mwingine yeyote pale. Kama ningekula, mwanawe yuko hai.

Nilipiga hesabu. Leo tarehe ishirini na nane. Mlo mmoja tu. Kisha nitatembea siku sita, nitakunywa maji, itashuka.

"Leteni," nikasema.

Walileta nyama ya kondoo iliyobaki, wakaipasha moto kwenye mafuta ya mkia. Walileta kata. Nilikula na Tadeo sahani moja, vidole vyetu vikigongana. Nikanywa, nikampa mama mkwe, naye akanywa palepale nilipowekea mdomo. Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni.

"Yuko hai," alisema. "Mwanangu yuko hai."

Nilidhani yamekwisha.

"Bado kwa Nikolausi," alisema Aako Qamara akiinuka. "Ulikataa maziwa. Na kwa Yoakimu ulikataa soda. Na kwangu hukuingia kabisa. Nyumba hizo zina hofu, na watoto wamo. Huwezi kuziacha hivyo."

"Aako, nakuomba."

"Wewe ni mwalimu. Ungewaacha wao tu na hofu?"

Tarehe ishirini na tisa nilikuwa kwa Nikolausi. Maziwa, wali, chai, wali tena. Tarehe thelathini kwa Yoakimu. Soda mbili, za rangi ya chungwa, nazo zilifunguliwa kwa meno kwa heshima yangu. Na kila nilipotaka kuvaa raba asubuhi, mama mkwe aliniwahi mlangoni.

"Usitembee tena, Mama Sara. Watu wameanza kutulia. Utawatia hofu upya."

Raba zikabaki chini ya kitanda.

Mkesha wa mwaka mpya ilikuwa zamu ya Aako Qamara, mchana. Alitengeneza pombe ya asali, ile ambayo wazee hawaitoi ovyo. Aliniwekea kigoda karibu yake, aliniamkia yeye kwanza kwa utani, "Shikamoo mwalimu," watu wakaangua kicheko, na mimi nikacheka nao. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu nifike.

Hapa ndipo penye ungamo langu. Mpaka hapa nimewasimulia kama mtu aliyelazimishwa. Mlishaanza kunionea huruma, wengine mmeandika barua gazetini tangu Alhamisi iliyopita. Sasa sikilizeni.

Kata ya kwanza nililazimishwa.

Kata ya pili nilipewa, nikapokea.

Kata ya tatu niliiomba mwenyewe.

Niliomba kwa mdomo wangu, "Aako, niongezee." Miezi mitatu ya mchicha ilinipanda kichwani, nikaona nimeonewa na dunia nzima, nikaona ninastahili. Nilikula mafuta nikaramba vidole. Nilikula maandazi ya mke wa Tadeo, sikuyahesabu. Mwaka mpya niliamka nikanywa chai yenye vijiko vinne vya sukari, na hapakuwa na mtu yeyote wa kunilazimisha. Mama mkwe alikuwa ameenda kanisani. Nilijipikia.

Nilijiambia, nimeshaharibu, nini tena? Sentensi hiyo imeua watu wengi kuliko sukari yenyewe.

Kiu ilianza siku hiyo. Nilikunywa maji jagi zima, nikaenda chooni, nikarudi nikanywa lingine. Ukungu wa jicho la kulia ukawa mzito. Nilimwona mama mkwe anarudi toka misa, nikamwita kwa jina la Tadeo.

*

Tarehe mbili, saa nane mchana, Tadeo alishuka kutoka kwenye mwamba wa mtandao anakimbia, simu juu.

"Marko! Marko amepiga! Mama! Atapiga tena, twendeni!"

Mama Benedikta aliupanda mwamba ule kama msichana. Mimi nilipanda kwa kushika mawe, pumzi inanikata.

Giaboksi la lori lilikuwa limevunjika porini huko Singida. Siku kumi alikuwa analinda vitunguu vya watu, simu imezima, hana pa kuichaji. Ndivyo hivyo tu. Hakuna aliyekufa, isipokuwa giaboksi.

Simu ile ingekuja siku tano mapema!

Mama aliongea naye akilia na kucheka kwa Kiiraqw. Alimweleza yote, nyama, kata, metimani. Kisha nikaona anaacha kucheka. Alisikiliza muda mrefu. Akaniuliza bila kuiondoa simu sikioni.

"Ni kweli unaumwa sukari?"

"Nilikuambia, mama."

"Uliniambia wewe. Sikuwa nimeambiwa na mwanangu."

Alinipa simu. Sauti ya Marko ilikuwa inakatikakatika.

"Mama Sara, pole. Pole sana mke wangu. Lakini hukula, sivyo? Sukari umeishika?"

Upepo ulikuwa unavuma pale juu. Mama mkwe alikuwa ananiangalia.

"Nimeishika," nikamjibu.

Uongo mwingine. Nilikuwa sijui tena nadanganya kwa nini, mdomo ulikuwa umeshazoea.

Tulishuka. Chini kabisa mama mkwe alisimama akanigeukia.

"Nimekulisha sumu kwa mkono wangu."

"Hapana mama. Nyingine nilijilisha."

Hakunielewa, au hakutaka.

*

Basi la Babati lilikuwa linaondoka alfajiri ya tarehe nne. Lakini Daktari Kissa alikuwa amenipa kadi, na kadi ilikuwa na sharti. Wagonjwa wa mbali walitakiwa wapimwe sukari kwenye zahanati yoyote siku moja au mbili kabla, namba iandikwe, muhuri ugongwe. Siku ya operesheni hawana muda wa kumpima kila mtu, wanasoma kadi. Chini ya kumi, unaingia. Zaidi ya kumi, unarudi nyumbani.

Tarehe tatu asubuhi nilikwenda zahanati kabla sijaweka kitu mdomoni. Mama Benedikta alikataa niende peke yangu. Alinishika mkono njia nzima, na kwapani alibana jogoo mwekundu. Sikumuuliza wa nini.

Nesi wa pale alikuwa Sista Loveness, binti wa Iringa, mwaka wa pili tangu apangiwe huko. Alikuwa na kimashine kimoja na vijiti vitatu vya kupimia vilivyobaki.

"Vya wajawazito hivi, mwalimu. Nakupa kimoja tu."

Alinichoma kidole. Tulisubiri. Nilisali sala zote nilizofundishwa na baba yangu, kisha nikaanza upya.

"Soma," nikamwambia. "Mimi sioni."

"Kumi na tisa nukta nne."

Nilitoka miezi mitatu ya njaa, nikarudi nyuma zaidi ya pale nilipoanzia. Kwa siku sita! Nilisikia mtu anapiga kelele ndogo, nikadhani ni mimi, kumbe ni mama mkwe.

"Ni nyingi?" aliuliza.

"Ni nyingi sana, mama," alijibu Loveness.

"Inatakiwa ngapi?"

"Chini ya kumi."

Mama Benedikta alimweka jogoo juu ya meza, juu ya kadi yangu kabisa, miguu imefungwa kwa kamba.

"Binti yangu, mimi ndiye niliyemlisha. Mzee Qamara alisema, lakini chungu ni changu na mkono ni wangu. Andika hiyo ya chini ya kumi. Hataona tena mtoto wa mtu darasani. Andika, nakupigia magoti."

Na kweli alipiga magoti. Mama wa miaka sabini na mbili, mbele ya binti anayeweza kuwa mjukuu wake.

"Mama, inuka, tafadhali. Mama, unanitia dhambini." Loveness alimwinua, akamwondoa jogoo kwenye kadi. Sauti yake ilikuwa imebadilika alipogeuka kwangu. "Mwalimu, wewe umesoma. Unajua wakikukata na sukari hii linaweza kutokea nini."

"Linaweza kuoza."

"Linaweza kuoza."

"Na wakiniacha mwaka mzima?"

Aliniangaza tochi jicho la kushoto, kisha la kulia. La kulia alilitazama mara mbili.

"Mimi si daktari wa macho," alisema.

"Sema tu, Sista."

"Sidhani kama la kulia litasubiri mwaka."

Mama Benedikta alianza kulia kwa sauti ya chini, ile ya msibani. Nje kulikuwa na foleni ya akina mama na watoto wao, niliwasikia wakikohoa. Loveness alikizima kimashine, akakitupa kile kijiti kwenye ndoo. Hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa ameiona namba ile.

"Nikiandika ya kweli, kesho usijisumbue kupanda basi," alisema. "Nikiandika nyingine, watakulaza mezani keshokutwa asubuhi, na watakukata wakiamini mkono wangu. Nimekaa hapa miaka miwili sijawahi kufanya hivyo."

Aliifungua kadi, akaigandamiza mezani kwa kiganja. Alichukua kalamu.

"Jicho ni lako, mwalimu. Niandike ngapi?"

Nilimtajia namba. Aliiandika bila kuniangalia, akagonga muhuri.